Mtoto mzima kwanza: jibu kwa mwanafunzi anayeingia wodi ya watoto

Swali: "Daktari, mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Baada ya wiki tatu naingia wodi ya watoto, na nitakaa huko wiki nane. Kwa wagonjwa watu wazima nilifanya vizuri. Wenzangu waliotangulia hawapatani: wapo wanaosema tiba ya watoto ni ile ile niliyokwisha kuisoma, kinachopungua ni dozi tu, na wapo wanaosema hakuna somo gumu kama hilo kwa kuwa mgonjwa hasemi. Kitabu nilichoazima kina kurasa zaidi ya elfu mbili, nami sijui nikiguse wapi. Nikiri pia kwamba mtoto akilia nikimshika, huwa nasahau hata nilichokuwa nakitafuta. Nisome nini, na kwa utaratibu gani?"

Ndugu mwanafunzi,

Nianze na kundi la kwanza la wenzako, kwa sababu ushauri wao ndio utakaokuponza zaidi. Dozi hupungua, ni kweli, lakini hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote katika somo hili. Kinachobadilika ni kipimo chenyewe cha afya. Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili, maana neno "mzima" kwetu lina kazi mbili: mtu mzima ni aliyekomaa, na mtoto mzima ni asiye na ugonjwa. Ulipokuwa katika wodi za watu wazima hukulazimika kujifunza mtu asiye mgonjwa yukoje, kwa kuwa wewe mwenyewe ni mmojawapo: unajua moyo uliotulia unavyopiga, pumzi za mtu aliyelala zinavyokwenda, mtu aliyechoka anavyojibu akisemeshwa. Kwa mtoto wa siku tatu, wa miezi minane au wa miaka minne huna kumbukumbu ya namna hiyo mwilini mwako, na sura za magonjwa katika kitabu chako huandikwa kana kwamba unayo. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba umsome mtoto mzima kwanza, umri kwa umri, kabla hujafungua sura yoyote ya ugonjwa, na mengi nitakayoyaandika hapa chini yanatokana na ushauri huo mmoja.

Chukua upumuaji. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 hivi kwa dakika, na akifikia 40 hakuna atakayengoja kuambiwa kwamba ana shida. Mtoto mchanga wa wiki mbili akipumua mara 40 kwa dakika hana neno. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ambayo kila anayeshughulika na watoto wenye kikohozi huikariri: kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni pumzi za haraka, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Idadi ile ile, tuseme 52, haina cha kutisha kwa mtoto wa mwezi mmoja, lakini kwa mtoto wa miezi minane mwenye kikohozi inakuelekeza kwenye nimonia. Ndiyo sababu katika wodi ya watoto swali la "ana umri gani" hutangulia swali la "anaumwa nini", na umri huo hutajwa kwa usahihi: kwa siku kama bado ni mchanga, kwa wiki au miezi kama hajafikisha miaka miwili. Mwanafunzi anayesimama mbele ya kitanda wakati wa raundi na kusema "mtoto mdogo mwenye homa" hajasema kitu.

Kuhesabu pumzi huonekana kazi rahisi mpaka uifanye. Nilipokuwa mwanafunzi nilitumwa kumhesabia mtoto wa miezi saba aliyeletwa na kikohozi. Nilitazama kifua kwa sekunde 15, nikazidisha kwa nne, nikaandika 40 na kwenda zangu. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alisoma faili, akanirudisha bila kunieleza kosa. Alivuta kiti akaketi ubavuni pa mama, si mbele yake, akamwomba aipandishe fulana ya mtoto hadi kifuani, kisha akangoja mtoto amalize kututazama. Akaishika saa yake karibu na tumbo la mtoto ili jicho lisilazimike kuhama, akahesabu jinsi tumbo lilivyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Mtoto alipumua upesi upesi, akapunguza mwendo kwa sekunde chache kama aliyesahau, kisha akaanza tena kwa kasi. Mimi nilikuwa nimehesabu zile sekunde za kusahau. Dakika ilipokwisha hesabu ilikuwa 54, na sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapokomea, ilikuwa ikibonyea ndani kila alipovuta hewa. Hilo sikuwa nimeliona kabisa, kwa kuwa nilihesabu juu ya nguo. Watoto wadogo hawapumui kwa mwendo ulio sawa, na ndiyo maana huhesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Kuanzia siku ile sijaziamini tena sekunde 15 za mtu yeyote, zangu zikiwemo.

Mapigo ya moyo yanafuata kanuni hiyo hiyo: ya mtoto mchanga aliyetulia huwa kati ya 110 na 160 hivi kwa dakika, na hushuka taratibu kadiri anavyokua mpaka yakalingana na yako katika ujana. Shinikizo la damu nalo lina hila yake, na hapa mazoea ya wodi za watu wazima huweza kuua. Mtoto aliyepoteza maji mengi kwa kuhara huibana mishipa yake ya damu na kuuharakisha moyo kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba shinikizo hubaki zuri kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla, likianguka muda uliobaki ni mfupi. Kwa hiyo usingoje namba ya shinikizo. Gusa mikono na miguu uone baridi imepanda hadi wapi, bonyeza ukucha au ngozi ya kifua uone damu inarudi baada ya muda gani, na ujue kwamba ikichukua zaidi ya sekunde 3 kwa mtoto mwenye viungo vya baridi na mapigo dhaifu ya haraka, uko mbele ya dharura.

Jambo jingine dogo lenye uzito wake ni ujazo wa damu. Mtoto mchanga ana damu ya mililita 80 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 3 ana mililita 240 mwili mzima, kiasi kinachoingia katika kikombe kimoja. Ukimtoa mililita 5 kwa ajili ya vipimo umemtoa sehemu ile ile ambayo ungemtoa mtu mzima mwenye lita 5 za damu kwa kuchukua mililita 100. Nimewaona wanafunzi wakijaza fomu za vipimo kwa moyo mkunjufu mpaka wapigiwe hesabu hiyo.

Sasa nirudi kwenye dozi. Kipo kisa ambacho huwapa wanafunzi kwa sababu kinamaliza ubishi wa "dozi ndogo ya dawa ile ile". Katika miaka ya 1950 kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria iliyokuwa ikitegemewa sana, ilitolewa kwa watoto wachanga pia. Baadhi yao, hasa njiti, walivimba tumbo, wakatapika, ngozi ikageuka rangi ya kijivu, mzunguko wa damu ukazorota na wakafa. Kufikia mwaka 1959 ilikuwa imefahamika kwamba dawa yenyewe ndiyo iliyowaua. Ini la mtoto mchanga lilikuwa halijakomaa kuibadilisha dawa hiyo ili itoke mwilini, na figo zake nazo zilifanya kazi polepole, hivyo kila dozi iliyofuata iliikuta ile ya kwanza ingali mwilini. Uzito ulikuwa umezingatiwa, lakini umri wa ini na figo haukuzingatiwa. Ukisoma dawa yoyote ya watoto, jiulize mambo mawili: ni miligramu ngapi kwa kila kilo, na je, kiasi hicho kinabadilika kwa mtoto aliye chini ya siku 28?

Hesabu yenyewe ifanye kwa mkono kila siku mpaka iwe mazoea, hata kama simu yako ina programu ya kukufanyia. Mtoto ana kilo 8, ana homa inayomsumbua, nawe unataka kumpa parasetamoli kwa miligramu 15 kwa kila kilo. Mara 8 ni miligramu 120. Shika chupa usome lebo, kwa sababu sirapu hazifanani. Ikiwa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, atapewa mililita 5, na ikiwa imeandikwa miligramu 250 katika mililita 5, mililita zile zile zingempa zaidi ya mara mbili ya alichostahili. Andika miligramu na mililita kwa pamoja, kamwe usiandike mililita peke yake. Nukta ya desimali ni ya kuogopwa: andika 0.5 na si .5, andika 5 na si 5.0, maana nukta isiyoonekana vizuri humpa mtoto mara kumi ya dozi yake, na kosa la mara kumi ni rahisi zaidi katika wodi ya watoto kuliko kwingineko, kwa kuwa mara kumi ya dozi ya mtoto mchanga bado huingia katika bomba la sindano la kawaida bila kumshtua anayeivuta. Upande wa pili, kijana wa miaka 15 mwenye kilo 80 akipigiwa hesabu hiyo hiyo atapata miligramu 1,200, ambazo zinapita dozi ya mtu mzima ya miligramu 1,000. Hapo hesabu ya kilo hukoma, na kikomo cha watu wazima hushika nafasi yake.

Wale wanaosema somo ni gumu kwa sababu mgonjwa hasemi wamekaribia ukweli kwa nusu. Mgonjwa hasemi, lakini amekuja na shahidi aliyemtazama usiku na mchana. Mwaka 1933 Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza katika jarida la kitabibu hali ya watoto waliovimba miili na kubabuka ngozi baada ya kuachishwa ziwa. Miaka miwili baadaye aliitaja hali hiyo kwa jina ambalo wenyeji wenyewe walilitumia katika lugha ya Ga, kwashiorkor, neno linalohusu ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Katika jina lile akina mama walikuwa wamekwisha kueleza chanzo: ziwa limehamia kwa mwingine, na chakula kilicholirithi hakitoshi. Sisi wenye shahada tulichelewa.

Basi jifunze kumhoji mama, baba, bibi au mlezi yeyote aliyemleta mtoto, na uanze kwa kumwacha aseme bila kumkatiza. Historia ya mtoto ina sehemu ambazo hukuzizoea: ujauzito ulikwendaje, alizaliwa akiwa na wiki ngapi na uzito gani, alilia mara moja, ananyonya au anakula nini, amepata chanjo zipi, alikaa na kutembea lini, nani anaishi naye nyumbani. Usizijaze kama fomu. Kila moja ina sababu, na ukiijua sababu hutaisahau. Mfano ninaoupenda ni wa kunyonya. Mtu mzima mwenye moyo ulioshindwa atakwambia kwamba anahema akipanda ngazi. Mtoto wa miezi miwili hapandi ngazi, kazi kubwa kuliko zote anazozifanya kwa siku ni kunyonya, na kwa hiyo mama anayekueleza kwamba mwanawe hunyonya kidogo, huacha ili apumue, hutoka jasho kwenye paji la uso kisha hulala kabla ya kushiba, amekusimulia dalili ya moyo bila kulitaja neno moyo. Muulize pia mara ya mwisho mtoto kukojoa ilikuwa saa ngapi. Na akikwambia "huyu si mtoto wangu wa siku zote", liandike neno hilo katika faili kama lilivyo, kwa sababu yeye ndiye mwenye kipimo cha uzima wa mtoto huyo, kile ambacho wewe bado unakitafuta.

Hilo la kilio linalokufadhaisha linatatuliwa zaidi na mpangilio kuliko ujasiri. Kwa mtu mzima ulifundishwa kuanza kichwani na kushuka hadi miguuni. Kwa mtoto wa miezi minane hadi miaka mitatu, utaratibu huo utakuharibia kila kitu ndani ya nusu dakika, kwa sababu umeanza na yale yanayochukiza. Simama mlangoni kwanza. Kabla hajajua kwamba umemjia yeye, tazama jinsi anavyomwangalia mama yake na kuvishika vitu, jinsi anavyovuta pumzi, na rangi ya midomo na ngozi yake. Ukiwa hapo hapo mlangoni umeshajua kama una dakika ishirini au huna hata mbili. Kisha keti, uwe chini ya usawa wa macho yake ikiwezekana, uzungumze na mama huku mtoto akikuzoea. Mwache mapajani pa mama, usimpeleke kitandani bila sababu. Pasha moto mikono na stetoskopu. Sikiliza moyo na mapafu wakati angali kimya, hata kama kitabu kinasema ni zamu ya macho. Papasa tumbo akiwa anatazama kitu kingine. Gusa utosi kwa kidole chepesi akiwa ameketi wima na ametulia, kwa maana kilio peke yake huweza kuufanya utokeze. Masikio na koo ni vya mwisho, kila mara.

Akilia juu ya yote hayo, usiache kazi. Kilio chenyewe ni uchunguzi: kina nguvu au ni cha kukoroma, kinatoka na machozi au macho ni makavu, kinanyamaza mama akimkumbatia au hakinyamazi kwa lolote? Kati ya kilio kimoja na kingine mtoto huvuta pumzi ndefu, na ndipo masikio yako yatakapopata sauti ya mapafu ambayo asingekupa kwa kuombwa. Mdomo ukiwa wazi hivyo, koo nalo umeliona bila kijiti. Mtoto anayekupiga teke na kukurushia stetoskopu amekupunguzia wasiwasi mwingi. Wa kuogopwa ni yule anayekuacha umchome sindano pasipo kugeuza uso.

Kuna tahadhari moja nisiyoweza kuiacha. Mtoto anayetoa sauti ya mkwaruzo kila anapovuta hewa, ameketi akiinama mbele, mate yanamtoka kwa kuwa hawezi kuyameza, usimlaze na usimwangalie koo. Mwache alivyokaa, mikononi mwa mama, uite wakubwa wako upesi, maana kumkera kunaweza kuziba kabisa njia ya hewa iliyokwisha kuwa nyembamba.

Ukuaji na maendeleo ya mtoto, ambayo wanafunzi wengi huyaruka kwa kuyaona hayana ugonjwa ndani yake, ndiyo uti wa mgongo wa somo zima. Uzito hupungua kidogo katika siku za kwanza, kwa kawaida usizidi asilimia 10, kisha hurudi kufikia wiki ya pili; huongezeka mara mbili kufikia miezi mitano hivi na mara tatu kufikia mwaka mmoja. Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilitokana na watoto wa nchi sita, Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, waliolelewa katika mazingira mazuri, na ilionekana kwamba katika miaka yao ya mwanzo wanakua kwa namna inayofanana mno; kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mtoto ni mdogo kwa sababu ya asili yake, usikubali haraka. Chati usiisome kwa nukta moja. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda sambamba na mistari ya chati anaweza kuwa mzima kabisa, na mtoto mnene ambaye mstari wake umelala kwa miezi mitatu ana jambo, hata kama nukta ya leo ingali katikati.

Kwa maendeleo, usikariri orodha ndefu. Jua nguzo chache: tabasamu la kujibu uso wa mtu kufikia wiki ya 6 hadi ya 8, shingo kukaza katika miezi 3 hadi 4, kuketi bila kushikwa katika miezi 6 hadi 8, neno la kwanza lenye maana karibu na mwaka, kutembea karibu na mwaka na si zaidi ya miezi 18 bila kuchunguzwa. Kwa njiti, rekebisha umri kabla hujamhukumu: mtoto wa miezi tisa aliyezaliwa akiwa na wiki 28 alitangulia kwa wiki 12, hivyo mlinganishe na wa miezi sita, na uendelee kufanya hivyo hadi miaka miwili. Na mtoto aliyekuwa akifanya jambo akaacha kulifanya, iwe ni kusema au kuketi, achunguzwe bila kungoja, kwa kuwa kurudi nyuma si sehemu ya ukuaji wa umri wowote.

Sasa kitabu chako. Usikianze ukurasa wa kwanza, utazama katika sura za mwanzo kabla hujamwona mgonjwa. Kwa mujibu wa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 walifariki watoto milioni 4.9 walio chini ya miaka mitano, na karibu nusu yao walikuwa hawajafikisha siku 28. Hesabu hiyo inakupa ratiba ya kusoma. Wachanga kwanza: matatizo ya kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi ya damu, kisha nimonia, kuhara na upungufu wa maji, malaria, homa ya uti wa mgongo, utapiamlo mkali. Kabla ya hayo yote kariri ishara za hatari ambazo Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliziweka mbele katika mwongozo wao wa miaka ya 1990 kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege katika ugonjwa huu, amelegea au hana fahamu. Ukiona mojawapo, mtoto huyo harudi nyumbani na foleni haimhusu. Mtoto mchanga ana ishara zake za pekee, nazo zitakufaa kwa maisha yako yote: ngozi na macho kuwa ya manjano ndani ya saa 24 za kwanza si kawaida hata siku moja, matapishi ya kijani ni utumbo ulioziba au kujisokota mpaka ithibitishwe vinginevyo, na daktari wa upasuaji huitwa usiku huo huo, choo cheupe kwa mtoto ambaye umanjano wake umepita wiki mbili ni ishara ya njia ya nyongo iliyoziba, na kila wiki inayopotea hupunguza faida ya upasuaji.

Magonjwa yaliyosalia uyasome kupitia wagonjwa. Kila jioni chagua watoto wawili uliowaona mchana, ukasome juu yao tu, na kesho yake urudi kwao na maswali. Utashangaa ni kurasa ngapi zimepita kwa wiki nane. Fomula nazo zisome pamoja na sababu zake, maana namba hudumu na matumizi hubadilika. Madaktari Holliday na Segar walitoa mwaka 1957 hesabu ya maji ya siku inayotumika hadi leo: mililita 100 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, 50 kwa kila kilo katika 10 zinazofuata, na 20 kwa kila kilo iliyozidi, hivyo mtoto wa kilo 23 huhitaji mililita 1,560. Lakini dripu yenye chumvi kidogo iliyoambatana na hesabu hiyo kwa miongo mingi imeachwa kwa watoto wengi waliolazwa, baada ya kuonekana kwamba huishusha sodiamu ya damu kwa kiwango cha hatari. Aliyekariri hesabu bila kuielewa ameachwa nyuma pasipo kujua.

Wodi ya watoto ina vijana wa miaka 14 na 16 pia, na wanafunzi huwasahau. Hao wanasema. Omba dakika chache za kuzungumza na kijana mzazi akiwa nje, umweleze mapema lipi litabaki siri na lipi huwezi kulificha kwa usalama wake, na umuulize yeye anavyoona matibabu yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Hukuniuliza juu ya kifo, lakini katika wiki nane huenda ukakutana nacho. Siku hiyo usijifanye jiwe, wala usikimbilie kusema maneno ya faraja uliyoyasikia kwa wengine. Kaa na familia ikiwa watakuruhusu, mtaje mtoto kwa jina lake, na baadaye mtafute mkubwa wako mmoja uzungumze naye.

Ama wiki tatu ulizo nazo, kitabu kiache kifungwe wiki ya kwanza. Omba ruhusa kliniki ambako watoto wazima hupimwa uzito na kuchanjwa, uketi pale asubuhi nne au tano, na kwa kila mtoto anayepita ukadirie umri na uzito wake kimoyomoyo kabla hujaitazama kadi. Mwanzoni utakosea kwa miezi na kwa kilo. Walio mapajani wamelala, waombe mama zao wakuruhusu uhesabu pumzi, dakika nzima kwa kila mmoja, na uandike namba pembeni mwa umri. Ukifika watoto thelathini utakuwa na jedwali lako mwenyewe. Nenda na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kwa sababu simu itakuzimikia kioo katikati ya hesabu.